Matutu na Pazia la Manyoya

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, leo nawapeleka mbali.

Hapo kale, katika kisiwa kimoja cha Karibi ambako mvua hunyesha huku jua likiwaka, aliishi buibui wa mtini, wa ukoo wa tarantula, jina lake Matutu. Alikuwa mkubwa kama kiganja cha mtu mzima, na mwili wake wote ulivikwa manyoya mekundu. Kila asubuhi aliyachana kwa miguu, akatoka kwenye tundu lake katika mti wa mkakao ili wapitao wamwone. Nao walimwona. Hata jirani yake, mjusi Zandoli, asiyezoea kumsifu mtu, alikiri kwamba kisiwa kizima hakuna aliyevaa kama Matutu.

Mwaka mmoja Matutu akataga, akayafunga mayai yake katika kifuko cha hariri. Punde Zandoli akaja mbio kumwambia kwamba nyigu mwindaji anapita mti hadi mti. Desturi ya nyigu huyo ni kumchoma buibui mwiba wa ganzi, kisha kumburuta shimoni awe chakula cha wanawe. Buibui wengine walikwisha kukimbia. Zandoli akamsihi naye akiache kifuko, aokoe roho yake.

"Mimi nina miguu minane," Matutu akamjibu. "Hawa bado hawana hata mmoja."

Alijua manyoya yake yanawasha kama upupu. Akajitazama mara moja tu. Kisha akajisugua kwa miguu ya nyuma, manyoya yakang'oka, akayasuka pamoja na uzi wake kuwa pazia la mlangoni. Akasugua, akasuka. Akasugua, akasuka. Akasugua, akasuka, mpaka mgongo ukabaki kipara.

Nyigu akatua.

"Matutu, toka."

Kimya.

"Matutu, toka."

Kimya.

"Matutu, toka, au nitaingia."

"Ingia," akasema Matutu.

Nyigu akajitosa kichwa mbele. Pazia likamganda usoni, manyoya yakamwingia machoni. Akajikuna, akajigonga huku na huku, akaruka akiyumba kuelekea baharini, wala hakuonekana tena kisiwani.

Majirani wakarudi. Zandoli, kwa huruma, akamletea Matutu jani ajifunike mgongo. Matutu akamshukuru, akalikataa.

Siku zilipotimia, watoto mia moja wakatoka kifukoni, wa buluu kama anga, kama wazaliwavyo wote wa ukoo huo. Mama yao akawatangulia kuupanda mkakao saa sita mchana, kipara kiking'aa, hatua kwa hatua, bila haraka. Ndege mvumaji akasimama hewani, akauliza wote hao ni wa nani.

"Wangu," akasema Matutu, akaendelea kupanda.

Basi, hadithi yangu imekomea hapo.