Kifaru Aliyeambiwa Anangojwa

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini? Semeni vizuri, msinisinzilie.

Pakawa bonde lisilo na kifaru.

Haya. Bondeni humo kifaru walikwisha siku nyingi, hata wazee walisahau wanavyonuka. Basi ndugu zao wa ng'ambo ya mlima wakatuma salamu: "Tunataka mwenzetu mmoja arudi huko. Wenyeji wakikubali, tutaleta mawe ya chumvi, mlambe nyote."

Salamu zikafika kwa Jumbe Kiboko, mwenye bwawa, mwenye tumbo. Akaitisha mkutano. Njiani pa kuingilia akatandaza udongo laini. "Kila anayehudhuria akanyage hapa," akasema, "nijue idadi ya matikiti."

Digidigi akaja, akakanyaga, pwata, akapewa tikiti. Nguchiro akaja, akakanyaga, pwata, akapewa tikiti. Ila wa kwanza kabisa, tusifichane, alikuwa Pimbi, yule mdogo wa kwenye majabali. Alifika jumbe hajanawa hata uso. Wakala, wakafuta midomo, wakaenda zao. Habari ya kifaru haikutajwa.

Udongo ulipokauka, Kiboko akaubeba mpaka ng'ambo. "Nyayo hizi hapa. Wamekubali wote." Chumvi ikaja, ikaingia nyumbani kwake kimyakimya. Kifaru naye akaja, akaachwa mtelemkoni peke yake.

Maskini, njia hazijui. Akipita huku, gudu gudu, akipita kule, gudu gudu, mpaka kichaka alimolala mtoto wa Digidigi kikalala chini. Mtoto alipona kwa kuruka. Wanyama wakamfukuza Kifaru kwa matusi, na bwawani Kiboko akamwambia pamejaa. Akakonda kwa kiu.

Mchana mmoja akajikokota hadi majabalini. "Wewe ndiye Pimbi?"

"Ndiye mimi."

"Nilikiona kiguu chako kwenye udongo, cha kwanza kabisa. Nikasema, kumbe yuko anayenitaka hivi. Ndipo nikakubali kuja. Ahsante, bwana. Na ile chumvi tuliyompa jumbe, natumai mmeilamba wote."

Pimbi aliona aibu, akatamani jabali limfunike. Angesema nini, kwamba lilikuwa tikiti? Akajifanya anakuna sikio. Kifaru akamshukuru tena, na mara hiyo ya pili ilimuuma kuliko ya kwanza.

Kulipokucha, Pimbi akaenda bwawani na udongo laini na matikiti kumi.

"Shikamoo, jumbe. Leo mkutano nimeitisha mimi. Anayehudhuria hukanyaga."

"Na hayo yote kumi ni ya nani?"

"Ya atakayetangulia."

Kiboko hakuuliza la pili. Akakanyaga, pwataaa, akameza yote na maganda yake.

Pimbi akawaita wote, Kifaru akiwamo, akainua ule udongo. "Jamani, jumbe amekubali. Kifaru atakunywa bwawani kwake, na chumvi aliyoificha inagawiwa leo."

"Mimi sikukubali kitu," Kiboko akafoka. "Nilikanyaga kwa ajili ya tikiti."

Masikio yote yakamgeukia.

"Hebu rudia, jumbe," akasema Nguchiro.

Hapo Kiboko akajisikia mwenyewe alichosema. Akarudi nyumanyuma, chubwi, yakabaki macho na pua. Mpaka leo mchana humwoni akitembea.

Chumvi ikagawiwa, wanyama wakaanza kulamba na kucheka. Kifaru hakulamba.

"Kwa hiyo na nyinyi mlikanyagia tikiti," akasema.

Ndimi zikasimama. Akamgeukia Pimbi. "Na wewe?"

Ujanja wote ukamwishia Pimbi. "Na mimi," akasema, akitazama vidole vyake.

Aliyemwokoa ni Digidigi. "Twende nikuonyeshe njia ya maji," akamwambia Kifaru. "Kichakani kwangu usipite tena, kuna mtoto." Wakaongozana, na wengine wakafuata. Pimbi alikwenda wa mwisho kabisa, na tangu siku hiyo akiona mgeni huingia kwanza mwambani, kisha huchungulia.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeipenda aiokote, asiyeipenda airuke. Na fundisho lake ni hili, wanangu: ukiitwa mkutanoni, usiulize maswali. Wahi kukanyaga, matikiti huisha.