Mama wa Dirisha la Pili

Wapendwa, acheni kwanza kutazama saa, niwape kisa kimoja. Nimekitunga mwenyewe, kwa hiyo asitoke mtu hapa kwenda kuuliza ni hospitali gani.

Palikuwa na hospitali yenye madirisha mawili ya mapokezi. Kwenye la kwanza alikaa dada mmoja, kwenye la pili mama mtu mzima aliyeanza kazi enzi za mafaili ya karatasi. Mgonjwa akifika anatoa kadi, mhudumu anaandika namba, kompyuta inatafuta faili, kisha mgonjwa anaelekezwa kwa daktari. Kwa dada, faili lilifunguka papo hapo. Kwa mama, ungeweza kuhesabu mbao zote za dari na ukarudia.

Na mama huyu alikuwa mtu wa salamu. Mnawajua. "Umeamkaje, baba? Mguu je? Na yule mjukuu mwenye pumu anaendeleaje?" Watu wa nyuma kwenye foleni wakawa wanasonya. Wakasema, sisi tunaumwa, yeye anapiga soga. Wakahamia dirisha la kwanza hata foleni ikafika nje ya mlango, na malalamiko yakamfikia katibu wa hospitali.

Katibu akamwita. "Mama, salamu zako zinachelewesha wagonjwa. Kuanzia kesho ni namba ya kadi tu."

"Nimekusikia, bwana katibu. Lakini ile mashine..."

"Mashine zote mbili ni za aina moja, zilinunuliwa siku moja. Usiisingizie mashine, mama yangu."

Basi mama akanyamaza. Wiki mbili nzima hakumjulia mtu hali. Je, foleni ilipungua? Haikupungua hata kwa mtu mmoja. Ila sasa mgonjwa alisimama kimya, mama naye akakodolea macho kioo, wote wawili wakisubiri. Siku moja mwanamke aliyebeba mtoto mwenye homa akaanza kulia pale dirishani, akidhani jina la mwanawe limefutwa. Mama akamshika mkono tu. Hakusema neno, kwa kuwa alikatazwa. Hapo iliniuma hata mimi niliyekitunga kisa.

Katibu hakuwa mtu mbaya. Alitaka amalize jambo kwa haki, akamwita fundi apime zile mashine. Fundi akaweka programu yake ya kupimia, akaleta majibu: prosesa, yaani akili ya kompyuta, zimepata alama zilezile kwa madirisha yote mawili. Katibu akaona ushahidi umetimia. Kama mashine ni sawa, basi kasoro iko kwa mtu. Akawasha kompyuta yake, akaanza kuandika barua ya kumwachisha kazi mama aliyebakiza miaka miwili astaafu.

Fundi alikuwa bado kasimama mlangoni. "Bwana katibu, uliniambia nipime akili, nami nimepima akili. Hukuniambia nipime stoo."

"Stoo gani tena?"

"Diski. Ndiko mafaili yanakokaa. Mpishi awe hodari kiasi gani, kama unga uko stoo ya mbali na anayeuleta anakuja taratibu, atasimama jikoni na mwiko mkononi. Diski ya mama ni ya zamani, ina kisahani kinachozunguka na kisindano kinachotafuta. Ya dada ni mpya, haina kitu kinachozunguka. Nimerudia kipimo na diski zikiwemo. Dada amepata alama themanini. Mama kumi na moja."

Katibu akaacha kuandika, na fundi akaendelea. "Mama alikuwa anasubiri kama wagonjwa wanavyosubiri. Zile salamu alikuwa anajazia muda faili linapotafutwa, mgonjwa asijione ametupwa."

"Sasa mbona dada ana diski mpya na mama hana?"

"Mwaka jana zililetwa mbili, zote za mapokezi. Moja niliifunga kwa dada." Fundi akaitazama kompyuta iliyokuwa mbele ya katibu. "Ya pili uliniambia niifunge hapa."

Barua ya kumfukuza mama, wapendwa, ilikuwa inaandikwa kwenye diski ya mama.

Naona mnatikisa vichwa. Mnamsikitikia mama na kumlaani katibu. Mwacheni katibu, aliifuta ile barua na diski akairudisha siku hiyohiyo. Nataka kuwauliza ninyi mliokuwa kwenye foleni. Nani alisonya? Tunamwona mwenzetu anachelewa ibada, tunasema hana moyo. Je, tunajua ameogesha na kulisha wagonjwa wangapi kabla ya kuvaa viatu? Mke wa fulani amekuwa mzito wa kucheka, mtoto wa fulani ni wa mwisho darasani, nasi tunawapa alama. Kipimo chetu hakisemi uongo. Kinapima kile tulichokiambia kipime, basi, halafu tunadhani tumempima mtu mzima mzima.

Na hata tukijua kwamba mwenzetu amepungukiwa, tunaishia kumwonea huruma. Huruma ni njema. Lakini alichopungukiwa kiko wapi? Mimi mchungaji wenu nimejiuliza swali hilo wiki hii nzima, na sijapenda jibu. Pengine mapumziko anayoyakosa mkeo ndiyo yale unayoyalalia wewe kila Jumapili mchana.

Kesho yake, diski ikiwa imerudi, faili lilifunguka kabla mama hajamaliza kusema "umeamkaje". Sasa aliweza kuwahi, na salamu hakukatazwa tena. Akaliacha faili wazi pale, akamwinulia macho mzee aliyesimama dirishani, akauliza, "Na mjukuu anaendeleaje?" Yule mzee akamjibu, na foleni nzima ikangoja ajibu.

Ndugu yangu, yuko mtu uliyemsonya wiki hii. Usipige magoti leo kumwombea aongeze mwendo. Nenda nyumbani ukamrudishie diski yake.