Kwa Nini Kunde Hutanguliza Mgongo

Sogeeni karibu, na anayetafuna atafune taratibu, maana habari hii inaanza kwa sauti ndogo.

Zamani sana, watu na ndege walipokuwa bado wanaelewana lugha, kila mbegu iliyofukiwa ardhini ilichipua kwa namna moja. Ilitoka wima. Ilitanguliza kichwa, ikafumbua majani yake papo hapo, ikaitazama dunia kama mtu aliyefika kwao. Ndivyo yalivyotoka mahindi, ndivyo zilivyotoka kunde, na maboga, na bamia, na hata mchicha ambao mbegu yake ukiipuliza inapotea.

Zama hizo, katika bonde la Vurangi, paliishi mwanamke aliyeitwa Nakijwa. Alikuwa ameolewa huko mwaka uliotangulia. Mumewe, Sefue, alikuwa mchunga mbuzi, mtu mpole, lakini siku nyingi alishinda malishoni na kurudi jua likizama. Kwa hiyo mtu ambaye Nakijwa aliishi naye hasa alikuwa mama mkwe wake, Nanzia. Huyu Nanzia alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye shingo iliyonyooka kama mchi. Akitaka kuokota kitu alichuchumaa, na mgongo ukabaki wima vilevile. Watu wa bonde walimheshimu na kumwogopa kidogo.

Nakijwa alikabidhiwa bustani ya mboga kando ya kijito. Alikuwa na mkono mwepesi wa kulima, ila alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake: alipenda kuuliza. Aliuliza kwa nini moshi hauzami, kwa nini konokono habebi nyumba ya mwenzake. Nanzia alikuwa akimwambia, "Mkwe wangu, jembe halina masikio. Lima kwanza."

Naye alilima. Lakini bustani ile ilikuwa na maadui. Funo, wale swala wadogo wa vichakani, walikuja kula majani, Nakijwa akazungushia uzio wa miiba, wakakoma. Panya walifukua mbegu, akanyunyiza majivu kwenye matuta, nao wakahama. Waliobaki ni kanga, na kanga hawakuzuiwa na kitu. Akatundika vibuyu vyenye kokoto kwenye kamba, upepo ukivitikisa vikalia, kanga wakasimama kusikiliza ngoma. Akafukiza kinyesi cha mbuzi, wakapita katikati ya moshi wakipiga chafya. Kila asubuhi miche ilipochomoza, wao walikuwa wameshapanga mstari kama wazee waliofika barazani, na jua likianza kuchoma hakukuwa na mche hata mmoja wenye kichwa.

Akapanda mara ya kwanza, ikawa hivyo. Akapanda tena, ikawa hivyohivyo. Bonde zima lilikuwa katika hali hiyo, na maghala yalianza kutoa mwangwi. Nyumbani kwa Nanzia kilibaki kibuyu kimoja cha mbegu, mahindi na kunde pamoja, na chache za maboga na bamia, kimening'inizwa juu ya meko ili moshi ukilinde na wadudu.

Jioni moja Nanzia akakiangalia kile kibuyu kwa muda mrefu.

"Tukipike," akasema.

"Mama, tukikipika tutapanda nini?"

"Na tukikipanda tutakula nini? Nimewalisha kanga mara ya kwanza, nimewalisha mara ya pili. Sasa na tumbo langu nalo lionje."

Kesho yake Nakijwa akaenda bustanini kukusanya vijiti vya uzio, kwa kuwa kuni nazo zilikuwa haba. Alipoinama kwenye tuta, akaona jambo ambalo alikuwa ameliona mara nyingi bila kulitazama. Vile vichwa vya miche vilikuwa palepale, vimelala juu ya udongo, vimenyauka. Akavigeuza kwa kidole. Vilikuwa vizima, majani yote yapo. Havikuwa vimeliwa.

Akavikusanya kiganjani, akarudi mbio.

"Mama, hebu tazama. Kanga hawali miche yetu."

"Kama hawali, nani ameniharibia bustani?"

"Ni wao. Lakini wanakata tu na kuacha."

Nanzia akachukua kichwa kimoja cha mche, akakiweka karibu na macho. "Mwizi asiyekula. Huyo unamwitaje?"

"Sijui. Nataka nikamuulize."

Mama mkwe akacheka kwa pua. Lakini njaa ilikuwa imemfunza kuvumilia hata maswali. "Basi kamuulize," akasema. "Mvua ijayo ikianguka, kama una jibu tutapanda. Kama huna, naweka sufuria."

Kesho yake, kulipopambazuka, Nakijwa akalala kifudifudi kati ya matuta, akajifunika majani makavu ya mgomba. Zilikuwapo mbegu chache zilizochelewa kuota, na mbele ya pua yake udongo ulikuwa umepasuka ufa mdogo. Akasubiri. Sisimizi wakampanda shingoni, hakujikuna. Alikuwa na hamu kubwa ya kujua, na hamu hiyo ilimsahaulisha hata baridi ya umande.

Kanga wakafika, wakitembea polepole, wakidonoa mchwa huku na huku. Mara udongo ukafunguka, mche wa kunde ukachomoka wima, ukafumbua majani, ukamtazama usoni kanga aliyekuwa karibu. Kanga akaruka nyuma kwa mshtuko. Akatikisa mabawa, akasonya, akarudi na kuukata kichwa kwa pigo moja. Kisha akakitema, akaendelea kutafuta mchwa.

Nakijwa akaona kwamba yule ndege hakuwa na uso wa njaa. Alikuwa na uso wa mtu aliyetukanwa.

Basi akainuka polepole, majani ya mgomba yakamdondoka, akabaki amepiga magoti. "Shikamoo, mzee," akasema.

Kanga wote wakaganda. Kati yao alikuwapo mmoja mzee sana, mwenye pembe kubwa ya mfupa utosini. Huyo akasogea mbele.

"Marahaba, binti. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu wa bonde hili kunisalimia. Siku zote mnanirushia mawe."

"Tunarusha kwa sababu ya mboga zetu, mzee. Naomba kuuliza. Kama hamzili, kwa nini mnazikata?"

Kanga mzee akamwangalia kama anayepima kama swali ni la kweli au la dhihaka. Alipoona ni la kweli, akajibu.

"Hapa babu zetu walitembea kabla jembe halijazaliwa. Sasa fikiria. Unatembea kwenye uwanja wa babu yako, mara chini ya miguu yako anazuka mtoto wa jana. Hapigi hodi. Haamkii. Anakukodolea macho, kichwa juu. Kwenu, mtoto akitoka chumbani hivyo mbele ya wazee, mnamfanyaje?"

Nakijwa akafikiri. "Tunamkanya."

"Nasi tunakanya," kanga akasema. "Mdomo ndio fimbo yetu."

"Na kama angetoka ameinama?"

Kanga mzee akachakura udongo kwa ukucha. Wenzake walitazamana. "Hapo," akasema mwishowe, "nisingekuwa na neno. Atakayetoka ameinama, apite. Lakini nitakuja kuona kwa macho yangu. Maneno ya watu nimeyasikia mengi."

Nakijwa alipomweleza mama mkwe, Nanzia alicheka hadi akakohoa. "Kanga anadai shikamoo!"

"Anadai, mama."

Kicheko kikapungua, kikaisha. Nanzia akajifuta macho kwa pindo la nguo. Kisha akasema, "Kwa kweli sina la kumwambia. Ningekuwa yeye, ningekata vilevile."

Mchana huohuo mvua ikaanguka. Nanzia akainuka, akakishusha kibuyu. Nakijwa akamwangalia mikono, hakujua kama kinakwenda kwenye sufuria au kwenye ungo. Nanzia akamimina mbegu kwenye ungo. "Ongea nazo," akasema, akageukia mlangoni kutazama mvua, kama mtu ambaye hataki kuonekana ana matumaini.

Nakijwa akaziambia mbegu yote aliyoyasikia. Aliyejibu kwanza alikuwa Hindi.

"Mimi nimeumbwa kama mkuki," akasema. "Nitoboe udongo halafu nimwinamie ndege? Siwezi. Acha anikate."

Pale mlangoni Nanzia akageuka, akamtazama Hindi kwa macho mapya.

Kunde alikuwa na shaka ya namna nyingine. "Kuinama sikatai," akasema, "lakini sijui. Juu yangu kuna udongo mzito. Nikiinamisha kichwa na huku nasukuma, si nitavunjika shingo?"

Nakijwa akazunguka nyumba, akakuna kichwa, akarudi. Pembeni palikuwa na mzigo wa zile kuni alizokusanya. Akautazama. Kisha akapiga magoti mbele ya ungo, akajitwika mzigo mabegani, akafunga kamba.

"Niangalie, Kunde. Angalia ninavyoinuka."

Akakunja shingo, kidevu kikagusa kifua. Mgongo ukapanda kwanza, ukiusukuma mzigo juu. Kichwa kikafuata nyuma yake, kimelindwa, bila kugusa chochote. Aliposimama imara ndipo akainua uso.

"Unaona? Kinachobeba uzito ni mgongo. Kichwa kinakuja mwisho."

"Rudia," Kunde akasema.

Akarudia, na akarudia tena, mpaka magoti yakamwuma na Kunde akaridhika. Mbegu za maboga na bamia, zile chache zilizokuwa ukingoni mwa ungo, zilitazama muda wote.

Wakapanda zote jioni ileile. Haikubaki hata punje ya kuonja. Usiku Nanzia alilala na njaa na hakulalamika, na hilo lilimtisha Nakijwa kuliko malalamiko.

Siku chache baadaye, asubuhi udongo ulipoanza kupasuka, wote wawili walikuwa bustanini, na Sefue naye alikuwa amewaacha mbuzi zizini. Kanga wakaja. Wakajipanga. Kanga mzee akasimama mbele kabisa, shingo ameinyoosha.

Ufa wa kwanza ukapanuka. Nakijwa akashika mkono wa mama mkwe bila kujua, na Nanzia hakuutoa. Kilichotokeza hakikuwa kichwa. Kilikuwa kitu cheupe kilichopinda kama kishikio cha kikapu: mgongo wa mche. Ukapanda kidogo kidogo, ukitetemeka kwa uzito wa udongo, na kichwa bado kimo chini. Halafu kichwa nacho kikavutwa nje, kikabaki kimeinama, majani yamefumbwa, kimeelekea miguuni mwa kanga.

Kanga mmoja kijana akainua mdomo. Nakijwa akafumba macho.

"Acha," kanga mzee akasema. "Huoni anaamkia?"

Akapita pembeni ya mche bila kuugusa. Wengine wakamfuata, kila mmoja akikwepa. Tuta zima la kunde likachomoza hivyo, migongo kwa migongo, na maboga na bamia nayo yakatoka vilevile, maana yalikuwa yamejifunza. Kanga walipokwisha kupita na jua likapanda, ndipo miche ikainua vichwa na kufungua majani.

Lakini kwenye tuta la mahindi mambo yalikuwa mengine. Hindi alitoka kama alivyoapa, wima, amechongoka, na kanga wakaanza kumng'oa. Sefue akaokota jiwe. Kabla hajarusha, mama yake alikuwa ameshafika katikati ya tuta, mikono juu, akipiga kelele ambazo mbuzi wa bonde la pili walizisikia.

"Mama," Nakijwa akaita, "huyo mwenyewe alikataa kuinama!"

"Nimemsikia!" Nanzia akajibu huku akimfukuza kanga mwingine. "Basi na mimi nitamlinda. Kuna watu hawakuumbwa kuinama, mkwe wangu. Hao lazima wawe na mtu wa kuwapigia kelele."

Siku hiyohiyo akamwamuru Sefue akate miti, amjengee ulingo mrefu katikati ya mahindi. Huo ndio uliokuwa dungu la kwanza katika bonde lile. Nanzia akapanda juu, akakaa amenyooka, na kombeo mkononi, akawa anaamia, yaani anafukuza ndege, kutwa nzima. Chakula alipelekewa hukohuko. Kunde zilipotoa majani, Nakijwa akachuma mboga ya kwanza, akaipika kwa chumvi ya majivu, akapanda ngazi kumpelekea. Nanzia akaonja. Akatafuna polepole, akitazama bustani yote chini yake.

"Konokono," akasema ghafla. "Uliwahi kuniuliza kwa nini habebi nyumba ya mwenzake. Ulipata jibu?"

"Bado, mama."

"Basi kaa. Tufikirie."

Wakakaa juu ya dungu, mtu na mkwewe, wakila kutoka bakuli moja.

Wapo watakaoniambia kwamba njiwa bado wanakata kunde changa. Ni kweli. Njiwa hakuwapo asubuhi ile, na ukimshika anasema hakuna aliyemwambia. Huyo mfukuzeni tu.

Na tangu siku hiyo, kunde hutanguliza mgongo zinapotoka ardhini, na maboga na bamia hufanya vivyo hivyo, lakini hindi hutoka wima, na kwa ajili yake watu hujenga dungu na kushinda juani wakiamia. Kwa hiyo ukipita bustanini asubuhi ukakuta mche umepinda, umefukia kichwa, usidhani umekwama. Usiuvute. Unaamkia, na haujaitikiwa bado.