Kidole cha Mzee Kajiru

Mdomo una kidole, karatasi haina. Mmeyasikia maneno hayo leo, katibu wa mfereji alipomrudishia mtu barua yake akaiandike upya. Mkacheka, kisha mkaja kuuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalianza hapa hapa kwetu Upare, Jumanne aliyofariki Mzee Kajiru.

Kajiru alikuwa msimamizi wa mfereji, na kwa kusimulia hakuna aliyemfikia. Akikaa mbele ya nyumba yake, ameuelekea mlima, akasema tu, "Mwaka ule mimi na baba," waliokuwa wakienda sokoni waliweka mizigo chini. Hadithi waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mlango wa mfereji. Maji yetu, yakishatoka kwenye chanzo, hupita kipande kirefu chini ya ardhi, katika njia waliyoijenga wazee kwa mawe. Kipande hicho kikiziba, kuna mahali pamoja tu pa kukizibulia, ndio mlango wenyewe, napo pamefunikwa kwa bamba la jiwe na kufukiwa. Kajiru alilifunua bamba hilo mara moja, akiwa kijana. Njia haikuziba tena, na mahali penyewe pakabaki kwenye hadithi.

Alikuwa na binti, Nakijwa, aliyemaliza kidato cha nne akarudi kumtunza. Alipoona nguvu zinamwisha, mzee alimwambia, "Andika, mama. Nisije nikaondoka nayo." Siku tano alisimulia, watu wamemzunguka kama kawaida, na Nakijwa akaliinamia daftari asipoteze hata neno moja. Siku ya sita ndiyo Jumanne ile.

Wiki ya pili baada ya mazishi, mvua kubwa iliporomosha udongo mlimani, njia ikaziba na maji yakakatika, kisha jua likawaka. Maharage yalikuwa yametoa maua. Yasiponyweshwa wiki hiyo, hapakuwa na cha kuvuna.

Watu wakakusanyika. Mnzava, mwenyekiti wa mfereji, akasema, "Mwenzetu ametuachia maandishi. Soma, binti."

Nakijwa akasoma: "Ukitoka hapa unapanda mpaka pale. Usikifuate kijito, unakata hivi. Utaliona jiwe, kubwa kama hili. Kutoka kwenye jiwe unahesabu hatua kumi na nane kwenda huku, ndipo mlango ulipo."

"Hapa wapi?" akauliza mtu.

"Si pale!" mwingine akamjibu kutoka nyuma. "Ukishafika hivi, unakwenda huku!"

Wakacheka, hata waliokuwa bado wamevaa nguo za msiba. Mnzava akawanyamazisha. "Binti, lihifadhi daftari lako. Ni kumbukumbu nzuri ya marehemu. Kesho tutachimba popote."

Neno hilo lilimchoma Nakijwa. Baba hakumwomba kumbukumbu. Alimwomba aandike njia. "Mkichimba popote mtaibomoa njia yenyewe," akasema, kwa sauti ambayo watu walikuwa hawajaisikia tangu makaburini. "Nipeni siku nne."

Nyumbani alilifungua daftari, akajaribu kuuona mkono wa baba yake pale aliposema "hivi". Hakuuona. Maneno yote alikuwa nayo, lakini kwa siku zile tano, za mwisho za baba yake, macho yake yalikuwa kwenye karatasi. Akalia. Alipomaliza akanawa uso, akaenda kwa Shangazi Namkunda, dada wa marehemu, ambaye hakujua kusoma.

"Shangazi, baba akisema 'unakata hivi', mkono wake ulikuwaje?"

Shangazi hakufikiri hata kidogo. Akanyoosha mkono wa kushoto. "Huu ndio ule mgongo wa mlima. Kwenye kiwiko ndiyo kona. Akifika hapo anakata kwa kidole, kulia. Kwani wewe hukumwona?"

"Nilikuwa naandika."

"Pole, mwanangu. Sisi tulikuwa tunatazama."

"Na 'jiwe kubwa kama hili'?"

"Hapo alisimama akajipiga kiunoni."

Nakijwa akaandika upya, kila mkono akiutafutia maneno. Akaona sasa inaeleweka. Kisha akajiuliza, inaeleweka kwa nani? Yeye hadithi alikuwa nayo kichwani. Akampelekea Ndahani, fundi cherehani aliyekuwa amehamia mwezi ule ule na hakuwahi kumsikia Kajiru.

"Dada, mimi Mgogo, mtu wa nchi kame," Ndahani akasema. "Ndimi mnayenituma kutafuta maji?"

"Nakutuma wewe kwa sababu hujui kitu."

"Ahsante kwa sifa."

Siku ya kwanza alirudi na miiba. "Umeandika 'penye miti, kata kulia'. Huko juu pasipo na miti ni wapi?" Nakijwa akapanda naye mpaka kwenye kona, akafuta, akaandika "penye mti wa mringaringa uliogawanyika mara mbili". Siku ya pili alisimama kwenye jiwe lisilo lenyewe. "Linafika kiunoni, lakini kiuno cha nani? Mimi ni mfupi!" Akafuta tena. Siku ya tatu watu walianza kunoa majembe. Nakijwa akauandika ukurasa mara ya nne.

Siku ya nne Ndahani alipanda peke yake na karatasi na sururu. Kabla ya adhuhuri alionekana akishuka mbio, kofia mkononi. "Nimegonga bamba! Linalia kama sufuria!"

Jioni maji yalikuwa mashambani. Watu walioloa matope wakamwambia Nakijwa awasomee ukurasa huo uliowaokoa. Akasoma. Alipofika mstari wa tatu Mnzava alikuwa akipiga miayo.

"Mbona haina utamu?" Shangazi Namkunda akauliza. "Hii si ya kaka yangu."

"Si yake, shangazi. Mdomo una kidole, karatasi haina. Yake inakutaka ukae umtazame. Hii ni ya mtu ambaye hatamwona kamwe."

"Basi nipisheni," akasema shangazi, akasimama, akanyoosha mkono wa kushoto. "Mwaka ule kaka yangu na baba..." Watu wakasogea. Nakijwa akaweka kalamu chini, safari hii akautazama mkono.

Ndivyo ilivyokuwa. Mdomo una kidole, karatasi haina. Ukurasa ule anao katibu. Kila mwaka, kabla ya kusafisha mfereji, hupewa mtu aliyehamia karibuni, akapanda peke yake. Akipotea, huandikwa upya. Mwaka huu alipanda muuguzi mgeni wa zahanati, akafika saa nne asubuhi.