Lenzi Mbili na Ndege wa Mwarungu

Mchagua kioo hukosa ndege. Bibi yenu ameirusha methali hiyo kutoka jikoni bila hata kugeuka, kwa sababu amechoka kuwasikia. Tangu mlipomaliza chai mnabishana juu ya lenzi ya kamera ya kikundi chenu. Malemba anataka ile yenye jina la kamera yenyewe, Mshai anataka ile iliyotengenezwa na kiwanda kingine, na simu inapita mkono hadi mkono. Sasa mnacheka, mnaniuliza methali hiyo ni ya wahenga gani. Si ya wahenga, wajukuu zangu. Ilizaliwa hapa hapa mlimani, mkiwa bado mnabebwa mgongoni, na aliyeitamka kwanza mnamwamkia kanisani. Ni Wakesho wa Righa, yule mama anayekaa peke yake kule juu. Kaeni niwaeleze ilivyokuwa.

Upande ule wa mlima mnaouona umejaa mikalitusi ulikuwa msitu. Tuliuita Mwarungu. Miti yake ilikuwa mirefu na imevikwa kuvu la kijani, na ukungu ulikuwa hauondoki humo hadi jua lipande sana. Chini yake palikuwa na chemchemi iliyotunywesha sote, watu na ng'ombe na mashamba ya mboga. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji.

Basi kampuni moja ya mbao ikaukodi mlima. Watu wake walikuja na makopo ya rangi nyekundu wakaanza kutia alama kwenye magome. Tulipouliza, walituonyesha kibali. Tulikwenda huku, tukaenda kule, na kila ofisi ilituambia kibali ni halali. Mwisho akaja afisa wa mazingira, mwanamke mpole aliyeitwa Nekesa, akaketi nasi uwanjani. Aliuliza kama kuna kitu chochote ndani ya Mwarungu ambacho hakipatikani pengine.

Wakesho alisimama. Wakati ule alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, na hakuna aliyeujua msitu kama yeye, kwa kuwa alikuwa akichuma dawa humo tangu utotoni. Akasema, "Kiliamvua yumo."

Wazee waliguna. Kiliamvua ni ndege mdogo wa kijivu mwenye koo jekundu kama pilipili iliyoiva. Wengi wetu tulidhani alikwisha zamani za baba zetu. Wakesho akasema wapo dume na jike, na wanajenga kiota juu kabisa ya mti mmoja mkubwa katikati ya msitu.

Nekesa akasema, "Mama, mimi nakuamini. Lakini ninakoipeleka habari hii hawataniamini hata mimi. Nipatieni picha. Picha ambayo mtu akiitazama ataliona koo lake, asiseme ni ndege mwingine. Nikiipata kabla masika hayajaisha, kibali hicho kitasimamishwa. Ikikosekana, sina la kufanya."

Tulifurahi, kwa sababu mpiga picha tulikuwa naye. Mwadime, mdogo wake Wakesho, alikuwa na studio pale sokoni. Ndiye aliyetupiga picha za vitambulisho na za harusi, na kazi yake ilikuwa safi. Kesho yake alfajiri dada yake akamwingiza msituni, akamwonyesha mti. Alirudi na picha nyingi. Alipozikuza kwenye kompyuta, ndege alikuwa kama punje ya mtama iliyoanguka kwenye majani. Mti ulikuwa mrefu mno, na lenzi yake ilikuwa ya kupigia maharusi waliosimama mbele yake.

"Nahitaji lenzi ya kuvuta mbali," akatuambia. "Kioo kirefu." Wapiga picha wa hapa huiita lenzi kioo.

Tukachanga. Wengine walitoa kuku, wengine viazi vikauzwa, kanisa likatoa sadaka ya Jumapili nzima. Mwadime na Wakesho walishuka Mombasa, na hayo yaliyopita huko nimeyapata kwa Wakesho.

Mwenye duka aliitwa Twahir, mtu mzima aliyeuza kamera tangu zama za filamu. Alitandika kitambaa juu ya meza akaweka lenzi mbili. Moja ilikuwa na jina lile lile la kamera ya Mwadime. Nyingine ilitoka kiwanda kingine, lakini ilitengenezwa iingie kwenye kamera hiyo hiyo. Zote zilivuta umbali sawa. Ya pili bei yake ilikuwa chini sana, na mchango wetu ulitosha kuinunua siku ile ile.

Mwadime alizichukua kwa zamu, akasimama mlangoni, akazielekeza kwenye kunguru waliotua juu ya paa la mbali. Alipiga kwa hii, akapiga kwa ile. Kisha akaziangalia picha muda mrefu.

"Hii ya bei nafuu inachelewa kidogo kumshika ndege," akasema. "Na ukivuta hadi mwisho, pembeni panafifia."

"Kweli," Twahir akasema. "Sitakuficha. Ile yenye jina ni bora. Lakini ndege wako atakaa katikati ya picha, si pembeni. Wateja wangu wa mbugani wanatumia hii, na picha zao zinakubaliwa."

"Na ikikataliwa yangu?"

Twahir akaipokea ile lenzi, akaifuta kwa kitambaa.

Wakesho akamwambia, "Mdogo wangu, tuchukue hii twende. Ndege hawatungoji."

Mwadime akasema anataka kwenda kufikiri. Walirudi mikono mitupu.

Msimwone mjinga. Kuna jambo lililokuwa likimla moyoni. Miaka kadhaa nyuma, mama yao alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba, na Mwadime, akiwa kijana anayejifunza kazi, alipiga picha ya jiwe la mpaka kabla jirani hajaling'oa. Picha ilitoka na ukungu. Barazani wakasema haionyeshi kitu, na mama yao akafa shamba likiwa mikononi mwa jirani. Tangu hapo Mwadime alikuwa hawezi kutoa picha studioni kabla hajaitazama mara tatu nne. Sasa tulikuwa tumemkabidhi mlima mzima. Aliona heri kuchelewa kuliko kurudia kosa lile.

Masika yakaanza. Mwadime akawa anafunga studio mapema na kwenda kwenye duka la intaneti Wundanyi, kutazama watu wa nchi za mbali wakizilinganisha lenzi zile. Mmoja alisema ile ya kiwanda kingine inatosha kabisa, mwingine akasema mwenye kuinunua atajuta. Alichapisha picha zao, akazibandika ukutani studioni, akawa anazitazama kwa kioo cha kukuzia. Ungemkuta huko ungedhani ni mgonjwa. Alikuja kwangu kuomba watu waongeze mchango ili wanunue ile ya jina. Nikamwambia watu hawana tena, masika ndiyo kwanza yameingia na maghala ni matupu. Alishukuru, akaondoka.

Siku moja Wakesho alimkuta studioni, nami nilikuwepo nikingoja picha ya kitambulisho. Matope yalikuwa yamempanda hadi magotini. Hakuketi.

"Makinda wameota manyoya," akasema.

Mwadime akamtazama. "Wangapi?"

"Haijalishi ni wangapi. Asubuhi hii walikuwa wanasimama ukingoni mwa kiota wakipiga mabawa. Wakiruka, wazazi wao hawatakaa tena pale. Wataingia juu kwenye majani, na mimi mwenyewe sitajua pa kukuonyesha."

"Dada, nimekaribia kuamua."

"Umekuwa ukikaribia tangu mvua ya kwanza. Nenda kesho, chukua ile tuliyoishika mikononi."

"Nikileta picha yenye ukungu wakaikataa, hatutapewa nafasi ya pili. Unakumbuka ya mama."

Uso wa Wakesho ukabadilika. Nilidhani atampiga. Badala yake akaongea polepole sana. "Nakumbuka ya mama. Picha ile ilikataliwa, lakini ilikuwepo. Watu waliishika mikononi wakaitazama. Sasa Nekesa atashika nini?"

Mwadime akainamisha kichwa. Mashine yake ikatoa picha yangu, akanikabidhi bila kunitazama.

Maneno yale yalimwamsha, lakini yalimwamshia upande mwingine. Kesho yake aliuza pikipiki yake na mashine ya kuchapia picha, akajazia mchango wetu, akampigia simu Twahir kuagiza ile lenzi yenye jina. Ile ya dukani ilikuwa imekwisha kununuliwa na mgeni. Ikabidi iletwe kutoka Nairobi. Barabara ilikuwa imekatwa na maji sehemu fulani, na magari ya mizigo yalilala njiani. Kila jioni Mwadime alisimama kituoni akitazama mabasi yanavyoshusha watu na magunia.

Ilipofika, aliibeba kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Na ilikuwa nzuri kweli, sitaki mfikiri alidanganywa. Aliingia Mwarungu na dada yake asubuhi ile ile. Kiota kilikuwa kitupu.

Walikaa chini ya mti ule siku baada ya siku. Mvua ikawanyea, ruba wakawanyonya, wakahamia mti mwingine na mwingine. Waliisikia sauti ya kiliamvua juu yao, ndani ya ukungu, lakini hawakumwona. Mara moja tu kitu kilipita kati ya matawi, Mwadime akabonyeza, na akapata tawi linalotikisika. Lile tawi lilionekana vizuri, hata matone ya maji yaliyoning'inia yangehesabika.

Masika yakaisha. Nekesa akaja na gari lake, akaketi uwanjani pale pale, nasi sote tukamzunguka. Mwadime akamwekea picha juu ya meza. Kulikuwa na kiota, kila ujiti wake ukionekana. Kulikuwa na unyoya mmoja wa kijivu uliokwama kwenye kuvu. Nekesa alizitazama moja moja, akazirudia.

"Picha nzuri," akasema. "Ndege yuko wapi?"

"Yumo," Mwadime akasema. "Tumemsikia."

"Najua yumo, kaka yangu. Lakini kiota wanaweza kusema ni cha ndege yeyote." Akazipanga zile picha vizuri, akazirudisha kwenye bahasha. "Nitazipeleka hivi hivi. Msitarajie kitu."

Hatukupata kitu. Misumeno iliingia Mwarungu wiki iliyofuata. Ilinguruma tangu asubuhi hadi jua kutua, na kila mti ulipoanguka ulitingisha vyombo ndani ya nyumba zetu. Watu walitoka wakasimama ukingo wa huku kutazama, halafu wakaacha kutoka. Mwadime alitoka kila siku. Alikaa juu ya jiwe na lenzi yake jichoni akiupekua msitu mti kwa mti kadiri ulivyopungua, akidhani labda ndege atafukuzwa atoke nje amwone. Nilimpelekea uji, nikamwomba aje nyumbani. Akaniambia, "Mzee, naona hadi utomvu unavyotiririka kwenye visiki." Nikakaa naye tu.

Ndege hakutokea. Mti wa mwisho ulianguka, na hakuna kilichoruka.

Mwaka uliofuata walipanda mikalitusi, na mwaka wa pili chemchemi ikawa matope, halafu ikawa vumbi. Ndiyo maana mama zenu hushuka hadi bondeni na madumu. Kamati ya maji tuliivunja, maana haikuwa na maji ya kusimamia. Nekesa alihamishwa. Hatukumsikia tena.

Mwadime alimaliza huzuni yake kwa kuondoka. Chemchemi ilipokwisha kukauka, aliirudisha lenzi kwa Twahir iuzwe, fedha za watu zikarudi kanisani, naye akaenda Voi kufanya kazi ya ulinzi kwenye ghala. Kamera hajaigusa tena. Dada yake humtembelea, huketi, wakanywa chai, wakazungumza habari za mvua na bei ya mahindi.

Siku ile fedha zilipokuwa zikirudishwa kanisani, kijana mmoja mwanafunzi, ambaye hakuwa na nia mbaya, alimwuliza Wakesho mbele yetu sote, "Mama, hivi katika zile lenzi mbili, ipi ilikuwa bora?"

Wakesho alifikiri. Hakukasirika. Alionekana kama mtu anayejaribu kwa kweli kukumbuka, na hawezi.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Mchagua kioo hukosa ndege."

Akachukua mtungi wake, akaanza kushuka bondeni. Hatukumfuata. Neno lile likabaki kwetu, watu wakaanza kulitumia, kwanza kwa kunong'ona, lisije likamfikia Mwadime kule Voi, halafu kwa kawaida, mpaka limefika kwa bibi yenu jikoni.

Sikuwaambia haya ili Mshai amshinde Malemba, au Malemba amshinde Mshai. Mwadime hakuwa mvivu wala mjuaji. Aliupenda msitu ule kuliko wengi wetu tuliomlaumu, na woga wake ulitoka kwenye upendo huo. Lenzi aliyoichagua ilikuwa bora, kama alivyosema tangu mwanzo, na ubora wake ulituonyesha visiki tu.

Simu iko mezani na hakuna anayeigusa. Basi mkiisikia tena, msicheke kama mlivyocheka mwanzo. Mchagua kioo hukosa ndege.