Kuku Ndani ya Jiko

Binti mmoja alikuwa na maswali arobaini na mawili. Aliyatunga mwenyewe chuoni, akayapanga kwa namba, msimamizi wake akayakubali, na kila swali lilikuwa na visanduku vyake vya kutia alama ya vema. Jina lake Mkunde. Alizaliwa mjini, akalelewa kwenye jiko la gesi, na tasnifu yake ilihusu majiko ya udongo ambayo shirika moja liligawa katika kijiji cha milimani huko kusini, ambako mvua haina likizo. Majiko yale yalisifiwa kwa kutotoa moshi. Mkunde alitaka kujua kama akina mama wanayatumia.

Alifanya kama alivyofundishwa, hakuruka hatua. Alipeleka barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji akampa balozi wa nyumba kumi, Mzee Mwakajila, amtembeze. Mzee huyo ndiye aliyeyagawa majiko, na Mkunde aliona hiyo ni bahati, maana alikuwa akiijua kila nyumba. Walipofika mahali mzee alibisha hodi, mama mwenye nyumba akatoka akifuta mikono, akaleta kiti kizuri kwa ajili ya mgeni na kigoda kwa ajili ya mzee, wakaketi barazani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgeni aliyeletwa na mkubwa haambiwi neno la kumvunja moyo. Je, unalitumia jiko? Ndiyo. Umelipenda? Sana, tunashukuru. Siku sita, nyumba sitini, na ndiyo sitini.

Katika nyumba ya hamsini na tatu, kwa Mama Lusajo, mlango wa jikoni uliachwa wazi. Macho hayana pazia. Mkunde alipoyainua kutoka kwenye karatasi alimwona kuku akitoka ndani ya lile jiko la udongo, akajikung'uta, akaanza kutetea kama aliyetoka kutaga. Akaitazama hojaji yake. Haikuwa na nafasi ya kuku. Akaendelea na swali la kumi na tisa.

Chuoni msimamizi aliisoma sura ya nne, ile ya matokeo, akaisifu. Shirika nalo lilikuwa likiisubiri. Matokeo yakiwa mema, majiko yangegawiwa wilaya nzima, kwa sharti moja: kila atakayepewa jiko avunje kwanza mafiga yake. Siku za kuwasilisha zilikuwa zimebaki kumi na mbili. Nyumbani mama yake alikwisha kushonesha kitenge cha mahafali, sare na shangazi zake. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa Mkunde mwenyewe. Anakaa, anasimama. Anaifungua sura ya nne, anaifunga. Anakwenda maktaba, anasahau alichofuata, anarudi. Wenzake walimwambia ni uchovu tu, naye akawaitikia, lakini kila alipofika kwenye ile asilimia mia moja alimsikia kuku akitetea. Aliogopa kurudi kijijini akakuta amekosea, na aliogopa zaidi kutorudi. Siku ya tatu alifunga mfuko wake akaondoka.

Safari hii alimwamkia Mzee Mwakajila, kisha akamwomba ruhusa ya kwenda peke yake. Mzee hakufurahi. Hata hivyo akamwachia njia.

Mama Lusajo alikuwa jikoni. Alitaka kuinuka akalete kiti, Mkunde akamzuia, akaketi juu ya kinu kilicholazwa chini, akachukua kisu na kuanza kumenya ndizi. Alimenya vibaya, utomvu ukamganda vidoleni, mwenyeji wake akacheka. Safari hii Mkunde hakuuliza kitu. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Moto uliwaka katika mafiga matatu, na moshi ukamtoa machozi mpaka akainua uso kuukwepa. Ndipo alipoona unakokwenda. Juu ya moto kulikuwa na uchaga, na juu ya uchaga kulikuwa na mahindi ya mwaka mzima pamoja na maganda yake, meusi kwa masizi, makavu, bila mdudu dumuzi hata mmoja. Katika nchi ya mvua ya kila siku moshi ndio unaokausha chakula cha watoto. Jiko lisilotoa moshi lilikuwa pale pembeni, na ndani yake kuku ameatamia.

Mkunde alijua sasa alichokuwa amekiandika. Mafiga yakivunjwa, kabla ya msimu kwisha mahindi ya wilaya nzima yangeoza juu ya chaga zake, na karatasi iliyoamuru hivyo ingekuwa na jina lake. Aliona aibu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba amekwisha kuandika kuwa nyumba zote zinapikia jiko jipya. Mama Lusajo alisogeza kuni.

"Mwanangu," alisema, "siku ile ulituuliza barazani. Barazani hatupiki."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma. Mkunde alikaa siku tano, akaingia jikoni mwa nyumba ishirini na moja. Mbili tu ndizo alizokuta jiko jipya likipikiwa: ya Mzee Mwakajila mwenyewe, na ya mwalimu mmoja ambaye hula unga wa dukani. Aliporudi chuoni aliomba sura ya nne irudishwe mikononi mwake. Msimamizi alimkumbusha tarehe. Akasema anaijua. Shirika lilipopata habari liliondoa lile sharti la kuvunja mafiga, bila kumshukuru mtu. Siku ya mahafali wenzake walivaa majoho uwanjani, na yeye alikuwa maktaba, karibu na dirisha, akiiandika upya sura ya nne, roho ikimuuma, sweta yake ingali inanuka moshi. Mama yake alikikunja kile kitenge akakirudisha sandukuni, na kwa siku kadhaa hakupokea simu ya mwanawe.

Mafiga ya kijiji kile yapo hadi leo, na mahindi yapo juu yake. Watafiti nao hawaishi kufika, kila mmoja na barua yake, na wenyeji hawajapoteza adabu. Nawe unayekwenda na maswali yako kutafuta maisha ya watu, hicho kiti kizuri ulichopewa kimewekwa wapi?