Kinu cha Michi Mitatu

Paukwa!
— Pakawa!
Cheti kashika nani?
— Kashika aliyesoma!
Na unga katutwangia nani?
— Simulia, tuna njaa!

Mnaitikia kama wagonjwa, lakini sawa. Sogeeni, hasa nyie mliosoma. Mimi shule niliiacha darasa la sita, na hadithi hii hakuna chuo kinachoifundisha. Nilipewa na bibi yangu, mchi ukiwa mkononi mwake.

Hapo kale, wanyama walikuwa na kinu kimoja na michi mitatu. Bi Nyani, Bi Tumbili na Bi Ngedere walitwanga mtama pamoja, kinu hicho hicho, mmoja akishusha, mmoja akipandisha, mmoja akingoja. Kilichozuia michi isigongane ni wimbo. Mwimbaji alikuwa Mama Kigong'ota, yule ndege anayegonga miti kwa mdomo, na ujira wake ulikuwa bakuli la kwanza la unga.

Mama Kigong'ota akafa. Akaacha mwana mmoja mkubwa, na vifaranga watatu tunduni, midomo wazi. Kigong'ota mwana akaenda kwa Tembo, mkuu wa mji, akaomba nafasi ya mama yake.

"Cheti kiko wapi?" Tembo akauliza.

Hakuwa nacho. Vyeti vilitoka kwa Mwalimu Korongo, ng'ambo ya mto. Alichovya mguu kwenye udongo mwekundu, akakikanyaga cheti, huo ndio muhuri. Kigong'ota alikuwa amefukuzwa shuleni kwake siku ya tatu tu, kwa kugongagonga dawati. Tembo akamwambia ashike njia.

Siku ya kwanza akaja Kasuku, muhuri mmoja. Alijua nyimbo mia tatu, akaziimba huku akiwatazama wanaomtazama. Michi ikagongana, kwaa! Mtama ukamwagika, mji ukalala njaa.

Siku ya pili akaja Kunguru, mihuri miwili. Akaeleza kwanza asili ya wimbo, kisha asili ya hiyo asili, hadi jua likaelekea kuzama. Alipofika kwenye kuimba, kwaa! Mji ukalala njaa.

Siku ya tatu akaja Korongo mwenyewe, muhuri uko mguuni. Sauti yake ikamnogea, akafumba macho. Kwaa! Mchi ukaangukia kidole cha Bi Ngedere.

Na kule tunduni, vifaranga walikuwa hawalii tena.

Bi Ngedere akanyonya kidole, akamwambia Tembo, "Bwana mkubwa, kidole hiki hakijui kusoma muhuri. Niitie mtoto wa marehemu, ama uje utwange wewe kwa huo mguu wako."

Tembo akautazama mguu wake, akakitazama kinu, akatuma mtu.

"Umesomea wapi wewe?" Korongo akamuuliza Kigong'ota.

"Hapa hapa, Mwalimu. Mama aliimba, mimi nikaangalia mabega yao."

Akatua ukingoni mwa kinu. Akayatazama mabega, akagonga, akaimba:

Shuka dada, nami napanda,
wa tatu vuta pumzi.
Shuka dada, nami napanda,
wa tatu sasa, twanga.

Twa, twi, tu. Twa, twi, tu. Unga ukajaa. Kigong'ota hakungoja sifa, alibeba bakuli akaruka nalo tunduni. Mdomo mmoja ukafunguka. Wa pili. Wa tatu ulichelewa, akaugonga polepole kwa wimbo wa mama, nao ukafunguka.

Toka siku hiyo Korongo husimama kwa mguu mmoja. Ule wa muhuri ameunyanyua, anangoja zamu yake kwenye wimbo.

Basi, anayestahili ni yule ambaye kazi yenyewe inamwitikia. Ndivyo alivyosema bibi. Kinu chake siku hizi kimepinduliwa uani, kuku wanalala juu yake. Mashine ya kusaga inanguruma kule sokoni peke yake, haina wa kuimba naye. Ila nikimsikia kigong'ota mtini asubuhi, mabega yangu bado yanahesabu: shuka, panda, vuta pumzi.

Hadithi nimeitwanga. Unga chukueni, pumba niachieni. Na mwenye digrii achochee moto, unazimika.